Njano ya Evodia

Evodia Laurenti ana sheria mbili tu dukani kwake, na zote mbili ni za rangi. Amezichapa kwa herufi kubwa akazibandika juu ya kompyuta, mahali ambapo wenzake hubandika kalenda. Ya kwanza inasema: BLUU, MIKONO MAPAJANI. Ya pili inasema: NJANO, BADO MNAONGEA. Mteja mgeni akizisoma hudhani ni ushabiki wa mpira, na wapo waliogeuka na kuondoka.

Mimi namjua kwa sababu ukuta wetu ni mmoja. Naitwa Yordani, fundi cherehani. Nimepanga nusu ya fremu ya duka hapa Korogwe, kwenye barabara ya kwenda mahakamani, na Evodia amepanga nusu ya pili kwa ajili ya steshenari yake. Kati yetu kuna plaiwudi ambayo haizuii kitu chochote isipokuwa hewa. Kwa miaka kumi na moja nimesikiliza barua za wilaya nzima, maana Evodia hachapi mpaka asome kwa sauti. Najua nani ameomba uhamisho, nani amegombania mpaka, na nani amekataliwa posa kwa maandishi. Sijaomba kuyajua. Watu wanadhani fundi mwenye cherehani inayounguruma hasikii, na mimi sijawahi kuwasahihisha.

Sheria ya bluu inahitaji maelezo kidogo, nami nilieleweshwa bila kuuliza. Ukitaka kompyuta ifanye jambo juu ya maneno fulani, kwanza uyaoneshe ni yapi. Unavuta mausi kutoka neno la kwanza mpaka la mwisho, na yote yanakaa kwenye bluu. Hapo hakuna kilichofanyika bado. Kompyuta inangoja uiambie: ikoleze, ihamishe, ipake rangi au iache. Tatizo ni kwamba ukigusa herufi yoyote wakati huo, hata kwa kiwiko, inachukulia umeamua kuandika upya. Inafuta yote yaliyokuwa kwenye bluu na kuweka hiyo herufi moja. Mimi nilielewa haraka kwa sababu mstari wa chaki kwenye kitambaa si mkasi, ila mteja akikuona umeshapiga chaki hushika kichwa kana kwamba suruali yake imekwisha.

Evodia hakujifunza hayo darasani. Babu yake aliletwa kutoka Songea kukata mkonge, baba yake Laurenti akakata mkonge, na yeye mwenyewe amezaliwa kambini, kwenye zile nyumba za mstari ambazo mlango wa jirani unafunguka karibu na sufuria yako. Alikuwa mtu wa kwanza wa nyumba ile kukaa mbele ya kompyuta. Kwa hiyo mzee Laurenti alipofariki, mwaka 2013, hapakuwa na mjadala kuhusu nani angechapa wasifu wa marehemu.

Aliuandika kwa siku moja na nusu. Kurasa mbili, bila kukosa hata jina la yule ng'ombe aliyemvunja mzee mguu. Asubuhi ya mazishi, Katekista Nicolaus, ambaye ndiye angeusoma, alisema macho yake yamechoka na herufi ni ndogo. Evodia akavuta bluu kuanzia juu mpaka chini ili azikuze. Akazikuza. Kisha machozi yakamjia, akainua mkono kujifuta, na alipoushusha kiwiko kikagusa kibodi. Ukurasa ukabaki mweupe na herufi moja tu, jei, kubwa kama alivyotaka katekista. Kuna njia ya kurudisha nyuma, na aliijua, lakini kabla hajaifikia umeme ukakatika. Nakala nyingine hakuwa ameihifadhi popote.

Katekista alisoma kutoka kichwani. Alisema marehemu alizaliwa, alifanya kazi kwenye mkonge, aliwapenda majirani, na ameacha watoto watano. Watoto ni saba. Kati ya wawili waliobaki nje ya wasifu, mmoja ni Evodia.

Alinisimulia hilo mara moja tu, huku akipanga karatasi, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Mimi ndiye niliyelazimika kuinuka nikaenda kutazama barabara.

Tangu hapo mteja akikaa mbele ya kompyuta yake na maneno yakageuka bluu, lazima mikono iende mapajani. Nimemwona mwanajeshi mstaafu akiiweka mapajani. Nimemwona padri. Na sheria ya njano ikaja baadaye, kwa sababu wateja wa barabara hii hawaji mmoja mmoja. Wanakuja wawili wanaogombana, na kila mmoja anataka sentensi yake. Evodia hafuti sentensi ya mtu mbele ya mtu mwingine. Anaipaka njano, ile rangi inayokaa nyuma ya maneno na kubaki hapo hata ukizima kompyuta, kisha anawachapia karatasi waende nayo nyumbani. Wakishakubaliana wanarudi, anaondoa njano, na hapo ndipo barua inakuwa barua. Mtaa mzima umeshaizoea. Ukimuuliza kijana hapa kuhusu mchumba wake atakwambia bado ni njano, nawe huulizi zaidi.

Basi mwaka juzi, siku ya Jumatano, waliingia watu wawili kutoka Segera. Mmoja alikuwa Mwatumu, mjane wa Faraji Mhina aliyekuwa akiuza machungwa pale njia panda. Alikuwa ametoka eda wiki ile. Mwingine alikuwa Mzee Jabiri Mhina, kaka mkubwa wa marehemu na mkubwa wa ukoo. Shati limepigwa pasi mpaka kwenye vifungo, na miwani kwenye mfuko wa kifua. Nilikuja kujua kwamba miwani ile huwa haitoki mfukoni. Ipo pale watu waone kwamba mwenyewe ni msomaji. Kuivaa anasema inamzeesha, naye ana miaka sitini na nane.

Walileta daftari lenye muhtasari wa kikao cha ukoo, uchapwe, usainiwe, upelekwe mahakamani kufungulia mirathi. Evodia akaanza kuchapa na kusoma. Kwenye orodha ya waliohudhuria, katibu alikuwa ameandika majina yote mara mbili. Evodia akavuta bluu juu ya orodha ya pili, akabonyeza mara moja, ikatoweka.

"Kumbe ni rahisi hivyo," Mzee Jabiri akasema. Kiti kikalia. Alikuwa amesogea mbele.

Wakafika kipengele cha tano. Evodia akasoma: "Shamba la Kwashemshi, eka moja na nusu ya iliki na mdalasini, ni mali ya Mwatumu mwenyewe. Alilinunua kabla ya ndoa. Halimo katika mirathi ya marehemu."

"Hicho kitoe," akasema Mzee Jabiri.

"Shemeji, kilipitishwa," akasema Mwatumu. "Kimo kwenye daftari."

"Kilizungumzwa. Kuzungumzwa na kupitishwa ni vitu viwili, shemeji. Binti, kitoe."

Mwatumu akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba shamba alilinunua kwa vitumbua alivyouza miaka sita akiwa msichana, na hati ya mauziano ililiwa na mchwa pamoja na sanduku lake. Mzee Jabiri akasema mchwa wa Segera wana bahati sana, kila siku wanakula karatasi za watu. Nikashona mkono wa shati la mtu ndani nje. Nasema wazi kwamba nilikasirika, na mkono ule nilikuja kuufumua wote.

Evodia akavuta mausi. Kipengele cha tano kikakaa kwenye bluu.

"Mzee, mikono mapajani."

Akaiweka. Wakati huohuo simu yake ikaita, gari la Segera linaondoka. Akasimama, akaitazama ile bluu kama mtu anayetazama mlango ukifungwa, akasema, "Haya, shemeji, utakuja nayo ikiwa tayari." Akatoka. Evodia alimwita mara mbili, "Mzee! Mzee, sijafuta!" Lakini gari la Segera halisubiri, na Mzee Jabiri ni mtu wa kuamkiwa, hajazoea kuitwa kwa nyuma. Hakugeuka.

Nikajua Mwatumu analia, kwa sababu pua ya mtu anayelia kimya nayo hupenya plaiwudi. Kisha nikasikia mausi, tiki moja.

"Mama, tazama hapa," Evodia akasema. "Sijakifuta. Nimekipaka njano. Maana yake bado mnaongea. Kaongeeni wote, na ukifika umwambie katibu mbele ya watu kwamba hiki ndicho kinachogombaniwa. Usikifiche."

"Nikikisema watakiondoa."

"Usipokisema kitaondolewa siku nyingine, na wewe hutakuwepo."

Akachapa. Printa ya Evodia haina rangi nyingine zaidi ya nyeusi, kwa hiyo kwenye karatasi njano hutoka kijivu, kama mahali palipowekwa kikombe chenye maji. Mwatumu akaikunja mara nne akaitia kwenye pochi.

Yaliyotokea Segera alitusimulia yeye mwenyewe wiki iliyofuata, nami siku hiyo sikujifanya nashona. Nilizima cherehani nikaenda kusimama mlangoni kwa Evodia.

Kikao kilikaa Ijumaa baada ya swala. Mwatumu alifanya kama alivyoambiwa. Alimweleza katibu wa ukoo, Shukuru, maana ya kile kivuli, naye Shukuru akasimama na kusema kwamba penye kivuli ndipo penye ubishi na paongelewe sasa. Akasoma kipengele cha tano kwa sauti, mara mbili. Bibi Chausiku, shangazi wa marehemu, akasema shamba lile alilitembelea yeye mwenyewe, likiwa tayari la Mwatumu, kabla Faraji hajapeleka posa, na kama kuna mtu anataka kulirithi basi akazaliwe kwanza nyumbani kwa baba yake Mwatumu. Watu wakacheka. Shukuru akauliza kama kuna pingamizi. Hapakuwa na pingamizi.

Hapakuwa na pingamizi kwa sababu Mzee Jabiri hakuwepo. Alikuwa nyuma ya nyumba kwenye pilau. Katika ukoo ule hakuna mtu anayeruhusiwa kupunguza moto wa pilau isipokuwa yeye, na siku hiyo kuni zilikuwa mbichi. Hata alipoitwa aingie kusikiliza alisema wasome tu, yeye karatasi anaijua, aliiacha ikichapwa.

Akaingia akiwa na harufu ya moshi. Kwa kuwa ndiye mkubwa, karatasi na kidau cha wino vikaanzia kwake. Aliitazama bila miwani. Pale palipokuwa na kipengele cha tano akaona doa la kijivu. Yeye aliona kwa macho yake, Korogwe, jinsi kitu kikishageuka bluu kinavyotoweka. Akajua hili ndilo kovu la kipengele kilichofutwa. Akachovya dole gumba, akaligandamiza katikati ya kijivu kwa nguvu, akaachia taratibu.

Akafuata Bibi Chausiku. Sasa wazee wetu wamejaza fomu za mbegu, fomu za mbolea, fomu za vitambulisho, na katika fomu zote hizo dole huwekwa ndani ya kisanduku cha kijivu. Akaweka dole lake kwenye kijivu. Wa tatu naye. Shukuru alitaka kusema kwamba nafasi ya sahihi iko chini, kwenye mistari, lakini madole yalikuwa yameshafika manne na aliona haya kuwarudisha wazee. Yakafika kumi na moja. Chini, kwenye mistari, palibaki peupe kabisa.

Mwatumu akaitoa karatasi kwenye pochi akaiweka mezani. Kipengele cha tano kilikuwa kinasomeka, kwa kuchungulia kati ya madole ya zambarau.

Evodia hakucheka. Mimi nilicheka, akanitazama nikanyamaza.

"Njano haiendi mahakamani," akasema. "Hiyo ndiyo sheria yangu. Mlitakiwa mrudi niiondoe, nichape nyingine safi, ndiyo msaini."

"Nikirudi na nyingine shemeji ataivalia miwani," akasema Mwatumu.

Evodia akakaa. Alianza kumuuliza kama karani. Kilisomwa? Kilisomwa. Kwa sauti? Shukuru alisoma mpaka akaomba maji. Walikubali? Wote kumi waliokuwemo. Uliwaambia maana ya kijivu? Niliwaambia. Mzee Jabiri aliitwa? Aliitwa, akasema wasome tu.

"Fundi, wewe unaonaje?" akaniuliza. Kwa miaka kumi na moja hajawahi kuniuliza jambo lolote isipokuwa kama umeme umekatika na kwangu pia.

Nikamwambia nguo ikishashonwa juu ya chaki, chaki inatoka yenyewe kwenye maji. Sijui kama ilikuwa hekima. Ndicho kilichonijia.

Evodia akaivuta karatasi kwake. Mwisho akachukua kalamu, na pembeni ya kile kivuli akaandika kwa mkono: Kivuli hiki kiliwekwa na mimi mchapaji, kuonesha kwamba kipengele kilikuwa hakijaafikiwa siku ya kuchapwa. Akaandika tarehe ya kuchapwa, jina lake lote, na namba ya simu. Mwatumu akashika kichwa.

"Mama, hicho ndicho kilichotokea," akasema Evodia. "Tukificha hicho, hata madole nayo yatakuwa ya kuficha."

Nilimkasirikia. Niliona amemharibia mwanamke wa watu shamba lake kwa ajili ya kupenda usafi. Jioni ile sikumuaga.

Mahakamani hakimu aliisoma karatasi, akayasoma na yale maandishi ya pembeni, akawauliza wanaukoo mmoja mmoja. Bibi Chausiku akarudia habari ya posa. Ilipofika zamu ya Mzee Jabiri, akaulizwa kama dole la katikati ni lake. Akasema ni lake, tena ndilo la kwanza. Akaulizwa kama anajua limekaa juu ya nini. Akasema limekaa mahali palipofutwa. Hakimu akampa karatasi aitazame. Ndipo miwani ilipotoka mfukoni, na watu wa Segera wanasema waliishangaa kuliko kesi yenyewe.

Akasema hakukubali. Hakimu akamwambia mwenye pingamizi alilete kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne.

Sasa, hapa Korogwe wapo wachapaji wengine. Lakini Mzee Jabiri alikuja kwa Evodia, nadhani kwa sababu hasira yake ilikuwa kwake. Aliingia akiwa amevaa miwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nilikuona kwa macho yangu ukifuta."

"Uliona bluu, mzee. Bluu si kufuta. Nilikuita mara mbili."

Akakaa. "Chapa," akasema. "Mimi Jabiri Mhina sikukubali kipengele cha tano."

Evodia akachapa, akasoma. Alichapa vizuri kama anavyomchapia mtu yeyote, na hilo nalo lilinikera. "Mstari unaofuata, mzee, hakimu atataka kujua dole lilifikaje pale. Niandike nini?"

Nikasimamisha cherehani. Nilijua lile shamba lote, na iliki yake na miaka sita ya vitumbua, liko kwenye jibu hilo.

"Andika nilidhani kimefutwa."

Vidole vikapiga kibodi. Kisha Evodia akasoma kama kawaida yake, kwa sauti, bila kupanda wala kushuka: "Niliweka dole langu juu ya kipengele cha tano kwa furaha, kwa kuwa nilidhani shamba la mjane wa mdogo wangu limeshafutwa."

"Sikusema kwa furaha."

"Kweli, hukusema. Nisamehe." Akaliondoa neno hilo. Akasoma tena: "Niliweka dole langu juu ya kipengele cha tano, kwa kuwa nilidhani shamba la mjane wa mdogo wangu limeshafutwa."

Bila furaha ilikuwa mbaya zaidi. Hata yeye alisikia. Pikipiki mbili zilipita barabarani, ikapita na ya tatu.

"Usiiweke hivyo," akasema.

"Niiwekeje, mzee?"

Mausi ikaburuzwa. Nikainuka nikachungulia pembeni ya plaiwudi, maana kuna mambo hayatoshi kusikiwa. Barua nzima ilikuwa kwenye bluu, kuanzia jina lake mpaka tarehe.

"Mikono mapajani, mzee."

Akaiweka mapajani. Dole gumba la kulia, lile lililochovya wino wa zambarau, lilikuwa juu.

"Nifute, au niache?"

Mzee Jabiri akavua miwani. Akaifuta kwa shati, akaikunja, akairudisha mfukoni. Nilidhani atainuka aende kwa mchapaji mwingine, na Evodia nadhani alidhani hivyo hivyo, kwa sababu mkono wake ulikuwa umeanza kuondoka kwenye mausi.

"Weka njano," akasema Mzee Jabiri.

Evodia akaweka njano. Mzee akatoka bila karatasi.

Siku kumi na nne zikapita. Barua ile ingali ndani ya kompyuta, yote njano, kwenye faili lenye jina lake, kwa sababu Evodia hafuti kitu cha mtu wakati mwenyewe hayupo. Mwatumu ameshavuna iliki mara mbili.